Charcot na akina bibi wa Salpêtrière

Asanteni, kaeni, wale wa nyuma sogeeni viti vipo.

Leo sina slaidi, nataka tuongee habari za Jean-Martin Charcot, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mtoto wa fundi wa magari ya farasi, kazaliwa Paris 1825. Mwaka 1862 akapewa wodi pale Salpêtrière, na msidhani ni hospitali ya maana kama mnavyoijua, zamani palikuwa pa baruti halafu pakawa pa kutupia wanawake, vikongwe, wenye kifafa, waliopooza, maelfu kwa maelfu. Yeye akakaa hapo mpaka anafariki 1893.

Kilichomshika ni kwamba wale akina bibi hawaondoki. Unamwona leo, unaandika, unamwona miaka mitano baadaye, unaandika, akifariki unapasua unaangalia ubongo na uti wa mgongo halafu unarudi kwenye daftari lako la zamani. Ndo hivyo kuanzia 1869 akatuonyesha ule ugonjwa unaonyausha misuli huku akili ipo timamu, Wafaransa mpaka leo wanauita ugonjwa wa Charcot.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni kutetemeka. Babu yangu mzaa mama alikuwa akikaa barazani mkono upo tu pajani unatetemeka, vidole kama anahesabu tasbihi, akinyanyua kikombe cha kahawa mkono unatulia, na sisi wote tukasema uzee huo. Charcot alikaa akalitazama hilohilo. Akaona kuna wanaotetemeka wametulia, na kuna wengine mkono umetulia kabisa ila mpe glasi ya maji, inavyokaribia mdomo ndo anaimwaga yote, basi akasema jamani haya ni magonjwa mawili! La kwanza akalipa jina la Parkinson, yule Mwingereza aliyeliandika 1817 na baadhi ya wagonjwa wake aliwaona barabarani tu. Na ili hata aliyekaa nyuma aone, aliwavisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu, kichwa kikitikisika kidogo tu unyoya unacheza.

Jumanne alikuwa analetewa mgonjwa asiyemjua, anamhoji mbele ya watu wote, hana alichoandaa. Ualimu wa hivyo unataka moyo.

Ila kwenye histeria, yaani mtu anaanguka au anapooza bila ubongo kuonyesha kasoro, alikosea vibaya, na inaniuma. Wanawake wanalazwa usingizi wa kiinimacho, yaani hipnosia, mbele ya ukumbi uliojaa, wanafanya kile walichojua kinasubiriwa, yeye anakiita dalili. Mtu aliyetazama vile miaka yote, hapo hakujitazama yeye mwenyewe.

Aliyerekebisha ni mwanafunzi wake, Babinski. Huyo alitafuta alama ambayo mgonjwa hawezi kuiigiza hata akitaka, na 1896 akaitangaza, unakwangua unyayo, kwa mtu mzima aliyeharibika ubongo au uti wa mgongo kidole gumba kinapanda juu, kwa mzima wa afya kinashuka.

Haya, nina ufunguo hapa, nani anavua kiatu aje alale kwenye hii meza? Njoo mwanangu, usiogope.