Piga Hesabu Kabla ya Kuhama King'amuzi

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za mchana. Mmeniomba nizungumzie kuhama kampuni ya televisheni na intaneti ili gharama za mwezi zipungue. Nianze na jambo linalonisumbua zaidi: nyumba nyingi hapa Dar es Salaam hazijui zinalipa kiasi gani. King'amuzi analipia baba, vifurushi vya simu kila mtu anajiunga kivyake, na hakuna siku fedha hizo zimewahi kujumlishwa.

Tuchukue nyumba yenye simu nne. Kila mmoja anajiunga kifurushi cha shilingi 1,000 kwa siku. Kwa siku ni 4,000, kwa mwezi ni 120,000, na king'amuzi hatujakigusa. Watu hao hao ukiwatajia ada ya faiba, yaani intaneti ya waya inayoletwa hadi nyumbani, ya mwezi mzima wanashtuka, kwa sababu ile inatoka kwa mkupuo na hii inavuja kidogo kidogo. Kwa hiyo leo jioni fungueni meseji za malipo za mwezi uliopita, simu zote za nyumbani, mjumlishe.

Sasa televisheni. Kwetu ukweli ni kwamba mpira ndio unaoamua. Ligi Kuu Bara iko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Ligi Kuu ya Uingereza iko DStv kupitia SuperSport. Nyumba yenye mtu wa Yanga na mtu wa Arsenal itahama mpaka ichoke, itaishia na ving'amuzi viwili. Nyumba hiyo dawa yake ni kushusha kifurushi. Sisi tunalipa kabla ya kutazama, mwezi kwa mwezi. Ukipenda mwezi ujao unalipia cha chini. Juni na Julai ligi ya Uingereza imesimama, lakini watu wanaendelea kulipia kifurushi kikubwa wakati watoto wanatazama katuni tu. Inaniuma sana, maana hiyo ni ada ya shule inayoondoka.

Na kama nyumbani kwenu hakuna mpira? Bibi anataka taarifa ya habari na tamthilia, basi. Tangu analojia, ile mitambo ya zamani ya televisheni isiyohitaji king'amuzi, izimwe hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi cha antena kinatakiwa kuonyesha chaneli za bure, TBC1 na ITV zikiwemo, hata kifurushi kikiisha. Mkumbuke mwaka 2018 ving'amuzi vya dishi vilivyoamriwa kuziondoa chaneli hizo, ndipo wengi wakajua tofauti ya antena na dishi.

Mkiamua kuhama dishi, msisahau gharama ya fundi. King'amuzi cha kampuni moja hakifungui matangazo ya nyingine, na setilaiti zenyewe haziko sehemu moja. Ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo dishi lake hapa kwetu linakaribia kutazama juu kabisa. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, dishi linageukia magharibi na kuinama. Mwembe uliokuwa hauna shida na dishi la zamani unaweza kuliziba jipya. Mwite fundi apande aangalie kabla hujanunua chochote.

Kwa faiba, muulize jirani aliyeunganishwa mtaani kwako inakuwaje saa mbili usiku, wakati wote wapo mtandaoni. Uliza pia kama ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba, ni yako au ya kampuni, na ukihama nani anaichukua.

Mwisho ni simu. Tangu Machi 2017 unaruhusiwa kuhamia mtandao mwingine na namba yako ile ile. Nenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, utume neno HAMA kwenda 15080. Lakini salio na MB zilizobaki haziendi na wewe, na mikopo uliyochukua kupitia simu inabaki kudaiwa kule ulikotoka. Kwa hiyo lipa deni, toa fedha zote zilizomo kwenye akaunti ya simu, halafu ndipo uhame. Na ukishahama, waarifu benki na watu wa kikundi chako kwamba namba ni ile ile ila mtandao umebadilika, ili wakikutumia fedha waelekeze kunakohusika.