Prince Alipiga Laivu au Alipika Studio? Nipo Nje ya Paisley Park

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Karibuni tena. Leo nipo Chanhassen, Minnesota, si mbali na Minneapolis, na jengo mnaloliona nyuma yangu, hilo jeupe, ndilo Paisley Park. Hapa Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, alirekodi, akaishi, na humu ndimo alimofariki tarehe 21 Aprili 2016. Siku hizi ni makumbusho. Msiniulize kwa nini siwaingizi ndani: mlangoni simu yako inatiwa kwenye kifuko, kifuko kinafungwa, unazunguka nacho mpaka unatoka. Kwa hiyo mtaridhika na ukuta.

Nimekuja kwa sababu ya komenti moja. Video iliyopita niliwaambia nimeiona Sign o' the Times, filamu ya konsati ya Prince ya 1987, ilivyorudishwa kwenye IMAX, zile sinema za skrini kubwa, mwaka 2025, nikaisifu kuliko filamu zote za konsati ninazozijua. Mzee mmoja wa Morogoro, anasema enzi zake alipiga besi, akaniandikia: "Kijana, unasifia laivu kumbe imepikwa studio." Komenti ikapata laiki kuliko video yenyewe! Haya mzee wangu, nimekusikia. Tulizungumze.

Mzee yuko sahihi. Mwaka 1987 Prince alitoa albamu yake ya tisa, yenye jina hilo hilo la filamu, santuri mbili, akaizungusha Ulaya, kuanzia Stockholm mwezi Mei hadi Antwerp mwishoni mwa Juni. Kwao Marekani hakuizungusha kabisa, filamu ndiyo ilikuwa iwafikie. Kamera ziliwashwa Rotterdam na Antwerp, lakini picha zilizopatikana hazikumridhisha. Basi akaileta bendi humu ndani, jengo lenyewe lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi, jukwaa lile la taa za neoni likasimamishwa upya, na sehemu kubwa ya mnachokiona ikapigwa hapa. Sauti nazo zikaguswa. Na mwongozaji wa filamu? Yeye mwenyewe.

Sasa ndiyo tuseme ni uongo? Hapo mzee ndipo tunapoachana.

Chukua filamu yake ile nyingine, Purple Rain ya 1984. Ile ni hadithi, watu wanaigiza. Lakini wimbo wenyewe unaobeba jina la filamu, ule unaowaliza watu kwenye harusi, msingi wake ni rekodi ya laivu. Tarehe 3 Agosti 1983, klabu ya First Avenue, Minneapolis, onyesho la kuchangisha fedha za Minnesota Dance Theatre. Wendy Melvoin, binti wa miaka 19, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda jukwaani na bendi ya Prince, na gitaa linalofungua wimbo ni lake. Baadaye studio wakakata ubeti, wakaongeza vinanda vya nyuzi, basi. Kwa hiyo filamu ya kuigiza ina muziki wa laivu, na filamu ya konsati imerudiwa studio. Jamani, huyu mtu alikuwa anatuchezea tu.

Halafu mzee, hili wewe unalijua kuliko mimi. Nyimbo zile za Radio Tanzania tunaziita rekodi za studio, si ndiyo? Lakini bendi ilikuwa inaingia chumbani nzima: magitaa, matarumbeta, tumba, waimbaji, wote wanapiga kwa pamoja mwanzo hadi mwisho. Mmoja akiteleza mnarudia wote. Hiyo ni laivu kuliko laivu nyingi za leo, msanii anakuja na flashi, DJ anabonyeza, yeye kazi yake ni kupiga kelele "mikono juu!" juu ya sauti yake mwenyewe. Tiketi umelipa, na jasho la mtu hujaliona.

Kwa hiyo mimi nikiangalia filamu ya konsati sijali sana kama ilipigwa Rotterdam au hapa Chanhassen. Naangalia bendi. Na kwenye hii bendi ndiyo habari yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya albamu ile Prince aliipiga peke yake, amejifungia, na mdundo unatoka kwenye mashine ya drams, Linn LM-1. Bendi yake ya zamani, The Revolution, alishaivunja mwaka 1986. Sasa ghafla nyimbo za mtu mmoja na mashine zinatakiwa zipigwe na watu. Nani anakaa kwenye drams? Sheila E.

Huyu dada mtazameni vizuri. Mtoto wa Pete Escovedo, mpiga ngoma wa Oakland, kakulia kwenye midundo ya Kilatini. Mwaka 1984 alikuwa tayari ana wimbo wake uliovuma, nyota kwa jina lake, na bado kakubali kukaa nyuma ya mwenzake. Wimbo wa Housequake kwenye albamu ni fanki ya mashine, imenyooka. Humu Sheila anaitia damu: pigo la kwanza analitwanga, mengine anayaachia yaning'inie kidogo, na besi ya Levi Seacer Jr. inaingia kwenye upenyo huo. Katikati ya filamu Prince anatoka zake, bendi inabaki na kipande cha Charlie Parker, gwiji wa jazi, Eric Leeds kwenye saksafoni, Atlanta Bliss kwenye tarumbeta, na husikii pengo lolote. Karibu na mwisho Sheila anaacha drams, anakuja mbele kurapu. Drams anakalia nani? Prince. Na anazipiga kweli.

Mzee, hapo studio imepika nini?

Kuna mahali nakupa goli, lakini. Vile vimaigizo vya mtaani kati ya wimbo na wimbo, mwanamke kagombana na mwanamume, sijui nini, vinachosha. Na wimbo wa U Got the Look, ule aliouimba na mwimbaji Sheena Easton, ni video ya muziki imechomekwa katikati, konsati inasimama mpaka iishe. Ningekuwa mimi ningeitoa. Labda ndiyo maana ilipotoka Novemba 1987 kumbi za sinema hazikujaa, ingawa nadhani shida kubwa ilikuwa watu kusubiri Purple Rain nyingine, yenye pikipiki na mapenzi. Wakaletewa dakika kama 85 za bendi ikifanya kazi.

Haya, baridi imeanza kunishika masikio. Wale mnaotaka tubishane Prince na Michael Jackson, nimewaona, video yenu inakuja, tutagombana siku hiyo. Mzee wa Morogoro, ombi langu moja: itafute Housequake ya kwenye filamu, usisikilize kwa spika ya simu maana besi itapotea yote, vaa hedifoni. Halafu njoo utuambie ninyi kule studio ya redio mlikuwa mnarudia mara ngapi kabla fundi mitambo hajasema imetosha, na nani hasa alikuwa anakosea. Komenti yako nitaibandika juu kabisa.