Damu kwenye kanga: kipimo kilichoanzia Kigoma

ZUWENA: Karibuni. Leo tunarekodia Ujiji, barazani kwa mama mkwe wangu, kwa hiyo mkisikia kuku mtusamehe. Kaka Mashaka, umenikuta na kanga mapajani.

MASHAKA: Nikadhani umeanza biashara.

ZUWENA: Hii nani atainunua? Kuukuu, imefuliwa mpaka imelainika. Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi, na kanga mpya hakuitaka chumbani kwa mzazi. Alisema damu inateleza juu yake, hainywi.

MASHAKA: Lakini dada, kila anayejifungua anatoka damu. Mkunga anajuaje kwamba sasa imezidi?

ZUWENA: Ndiyo habari yetu ya leo. Hospitali wanahesabu imezidi ikifika mililita 500. Kijijini, saa nane usiku, kwa koroboi, nani ana chombo cha kupimia? Basi watafiti, akiwemo Ndola Prata na Dkt. Godfrey Mbaruku, wakaangalia kitu ambacho kila mwanamke anacho. Kanga haina saizi ndogo wala kubwa, upande ni upande. Wakawafundisha wakunga wa jadi wa huku kwetu Kigoma kuusoma ujazo wa damu kwa kanga zilizoloa. Matokeo yalichapishwa 2005.

MASHAKA: Kwa hiyo bibi yako alikuwa na kipimo siku zote, ila hakuna aliyemuuliza.

ZUWENA: Hakuna! Sasa, upande mmoja wa utafiti, damu ikifika kipimo, mkunga alitoa vidonge vya misoprostoli, vinavyofanya mfuko wa uzazi ujikaze. Upande wa pili hawakuwa navyo, wao utaratibu ulikuwa rufaa. Kwenye dawa, wanawake 111 walivuka kipimo, na waliopewa rufaa hawakufika 2 kwa 100. Kule kwingine walivuka 73, rufaa zikawa 19 kwa 100.

MASHAKA: Mimi bado nasema mzazi apelekwe hospitali. Dawa mkononi mwa mkunga wa jadi inaweza kutufanya tubweteke.

ZUWENA: Sikupingi. Ila hospitali nayo lazima iwe imejiandaa. Mbaruku huyohuyo, na Staffan Bergström, waliandika 1995 kuhusu hospitali yetu ya mkoa: vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kati ya 1984 na 1991. Walipanga hatua 22, na walisisitiza kutumia vilivyopo hapahapa.

MASHAKA: Hizo ni namba za kukaa nazo.

ZUWENA: Sasa kuna jambo la kabla ya hospitali. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kuondoka, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Huo wa kwanza ndio unaonikera. Mama anaumwa uchungu, anasubiri baba mtu aseme twende.

MASHAKA: Na siku za giza wavuvi wa dagaa wote tuko ziwani na karabai, simu haishiki. Ukirudi asubuhi mwaloni Kibirizi ndiyo unaambiwa.

ZUWENA: Ruhusa iko katikati ya Tanganyika!

MASHAKA: Acha kunichekea. Mke wangu alipokaribia kujifungua mimba ya pili niliacha kila kitu tayari. Kanga doti mbili, glavu, pamba, na namba ya bodaboda nimeiandika ukutani kwa mkaa. Hela ya nauli nayo niliacha.

ZUWENA: Hongera. Uliiacha kwa nani?

MASHAKA: Kwa mama.

ZUWENA: Mama yako?

MASHAKA: Eeh. Mama yangu.

ZUWENA: Kwa hiyo mkeo, mtoto anakuja, ilibidi kwanza akamwombe mkwe nauli?

MASHAKA: ...Tuweke tangazo, dada. Tukirudi nitakujibu.