Homa ya ini B: virusi vikipanda tena

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie usugu wa dawa. Naanzia kwenye ile karatasi ya maabara mnayoikunja na kuitia mfukoni.

Wingi wa virusi ni hesabu ya virusi vilivyomo katika mililita moja ya damu. Mtu huanza na mamilioni, akameza dawa, hesabu ikashuka hadi mashine isivione. Nimesema isivione, sikusema vimekwisha. Ndani ya kiini cha seli ya ini, virusi vya B huacha nakala ya vinasaba vyake, na vidonge vyetu haviing'oi. Ukiacha dawa, nakala ile inaanza kazi upya.

Tena virusi hivi huzaliana kwa mabilioni kila siku, kwa kimeng'enya, yaani protini inayonakili vinasaba vyake, ambacho hakirudii kukagua kilichoandika. Makosa lazima yatokee. Kosa likiangukia pale dawa inaposhika, kirusi hicho huzaana huku wenzake wamefungwa. Huo ndio usugu.

Dawa iitwayo lamivudini ndiyo iliyotuonyesha. Marekani waliiidhinisha kwa homa ya ini B mwaka 1998. Kwa walioitumia peke yake miaka 5, takribani 70 katika kila 100 walipata usugu. Sisi Afrika Mashariki iliingia kwa mlango wa uani, ndani ya kidonge cha zamani cha VVU: stavudini, lamivudini, nevirapini. Mwenye VVU na B kwa pamoja alikuwa akitibiwa B kwa lamivudini tupu, mara nyingi bila yeye wala daktari kujua.

Ndiyo maana tunawauliza dawa mlizowahi kutumia. Msifiche. Entekaviri, dawa nyingine ya B, ni imara kwa asiyewahi kuguswa na lamivudini, lakini kwa wenye usugu wa lamivudini, ndani ya miaka 5 karibu nusu yao hupata usugu wa entekaviri pia.

Tenofoviri ni habari nyingine. Imeruhusiwa kwa B tangu 2008, na waliofuatiliwa miaka 8 katika majaribio hawakuthibitika kuwa na usugu. Kwa hiyo anayeitumia akija na hesabu iliyopanda mara 10 kutoka pale ilipokuwa chini kabisa, mimi siwazii usugu kwanza, nawaza vidonge alivyoruka. Namwomba chupa, nahesabu vidonge vilivyobaki. Wengine hucheka, wengine hukasirika.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja chupa. Karibu, mama.