Uraia wenye masharti: watu wa asili wa Kanada

Haya jamani, asanteni kwa kuja, niingie moja kwa moja. Mtu akinyimwa uraia wote tunajua kaonewa, hilo halina ubishi. Ila Kanada watu wa asili waliletewa uraia wakaukataa, na walikuwa na sababu nzito.

Mwaka 1857 ilitungwa sheria kwamba mwanaume wa asili akijua kusoma na kuandika, hadaiwi, tabia yake njema, anaweza kuomba awe sawa na Mzungu na apewe kipande cha ardhi, lakini ardhi yenyewe inamegwa kwenye ardhi ya jamii yake na yeye kisheria anatolewa kwenye kabila. Karibu miaka 20 aliyepitia mlango huo ni mtu mmoja tu! Serikali kuona hivyo, kwenye Indian Act ya 1876, yaani sheria kuu ya Kanada inayowahusu watu wa asili, ikaweka kwamba ukipata digrii ya chuo kikuu, au ukiwa daktari, mwanasheria, mchungaji, basi wewe umeshatoka kwenye kabila, hata hujaomba. Hebu fikiria mzazi anamsomesha mtoto halafu elimu hiyohiyo ndo inamfuta kwenye ukoo.

Na wanawake ndo waliumia zaidi. Aliyeolewa na mwanaume asiye wa asili alipoteza hadhi yake, yaani kutambulika kisheria kama mtu wa asili, na haki ya kuishi kwenye ardhi ya kwao, wakati kaka yake akioa Mzungu, yule mke Mzungu ndo anapewa hadhi. Sandra Lovelace, mwanamke wa jamii ya asili ya Tobique, alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, Kanada ikaonekana na kosa 1981, sheria ikabadilishwa 1985.

Haki ya kupiga kura ya bunge la taifa bila kupoteza hadhi watu wa asili wote waliipata 1960 tu, juzijuzi hapa. Halafu 1969 serikali ya waziri mkuu Pierre Trudeau ikasema tufute Indian Act, wote tuwe raia sawa, inasikika vizuri eeh? Lakini mikataba ya ardhi nayo ilikuwa inaelekea kuzimwa, machifu wa Alberta wakajibu 1970 kwamba wao ni raia na zaidi ya raia, kwa sababu kuna ardhi waliyoitoa kwa makubaliano na makubaliano hayo lazima yalipwe. Serikali ikarudi nyuma.

Mimi nasimama na hao machifu kabisa. Uraia usiwe malipo ya kuacha kwenu.