Tuanze na bati

Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi mliofika, habari za asubuhi.

Mmeniita nizungumzie shule ya msingi inayopatana na mazingira yake, na najua mnachotarajia: miche, bustani, mapipa ya taka yenye rangi. Nitafika huko nikipata muda. Mimi naanza na bati, na walionisikia kabla wameshaanza kucheka.

Ingieni darasa lisilo na dari saa nane mchana. Bati limekula jua tangu asubuhi, sasa linawatemea watoto. Wa mbele wanasinzia, wa nyuma wamevua viatu. Ikinyesha, mwalimu anaweka chaki chini kwa sababu hasikiki. Halafu tunachora mti ukutani na kuiita shule ya kijani.

Twendeni Gando, Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré ni mzaliwa wa hapo. Akiwa bado anasomea usanifu majengo Berlin, alichangisha fedha akajenge shule kijijini kwao. Ilikamilika mwaka 2001. Madarasa matatu yamepangwa mstari mmoja, na kati yake kuna nafasi wazi zenye kivuli; watoto husoma na kucheza humo. Kila darasa lina dari ya matofali ya udongo yenye matundu. Bati halikulala juu ya dari hiyo. Limeinuliwa kwa kenchi za nondo nyembamba, likachomoza mbali nje ya kuta. Hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye matundu, upepo unapita chini ya bati na kuiondoa, na hewa yenye nafuu inaingia madirishani. Feni hakuna, bili ya umeme hakuna. Na bati lilelile lililochomoza ndilo linaloukinga ukuta wa udongo na mvua.

Mafundi, hapa nisikilizeni. Fedha ya winchi haikuwepo. Wanakijiji walifundishwa kukata nondo kwa msumeno wa mkono na kuziunga kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Nguvu za wananchi, lakini zenye mchoro! Mwaka 2004 jengo hilo likapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Najua kuna mtu hapo nyuma ananung'unika, “Udongo? Si ndiko tulikotoka?” Hata Gando waliusemea hivyohivyo, nyumba za udongo zilizobomoka kwa mvua walikuwa wameziona. Basi tofali likatiwa saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, lisichomwe. Na wewe unayetaka tofali la kuchoma, nionyeshe kwanza kuni za tanuri zinatoka wapi. Tunafyeka kilima kizima tujenge shule, kisha tunawapanga watoto wapande miche mbele ya kamera!

Tena msiniambie hayo ni ya Afrika Magharibi. Kéré huyohuyo ana chuo alichokijenga Kenya, kando ya Ziwa Turkana. Minara yake ya kutolea hewa imefuata vichuguu vya mchwa vya hukohuko.

Haya, maji. Gata na tangi viwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, visingojee mfadhili mwingine. Miti: mwembe uliopo kiwanjani uacheni, zungusheni jengo. Vyoo nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa. Mama mwenye kilemba, uliza. Na kama ni bei ya bati, ni haya haya ya dukani.