Nipo Bidiya leo, kwa Mabedui wa mchangani Oman

Haya jamani assalaam alaykum, habari za Unguja, habari za Dar, Mombasa mpo? Leo sipo Muscat, nipo Bidiya, huku mkoa wa Sharqiya, masaa mawili na kitu kwa gari, na hebu angalieni nyuma yangu hapa, mitende inaishia pale halafu ni mchanga tu mpaka baharini, kama kilomita 180 kaskazini mpaka kusini. Tumesimama kupunguza upepo wa tairi ili gari isizame, mara ikapita pikapu, nyuma kapakiwa ngamia, kakunja miguu katulia kama abiria wa daladala wallahi!

Aliyenileta ni mzee mmoja mwenye duka. Nimemsalimia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga akanitazama, akasema "wa wapi weye mwanangu?" Shikamoo babu! Machozi yalinilengalenga. Kazaliwa Zanzibar, na wapo wengi kama yeye, watu wa Sharqiya walikuja sana kwetu zamani, na baada ya 1970 wengi wakarudi, kwa hiyo Ibra na huku Kiswahili utakisikia.

Sasa bibi niliyekaa naye ni Mbedui wa kabila la Wahiba. Joto likizidi wanatoka mchangani wanakuja hapa kwenye mitende kuvuna tende, wanakaa kwenye vibanda vya makuti. Kavaa barakoa, siyo ile ya korona, hii yenyewe ya asili, kitambaa cheusi kinang'aa, katikati kimesimama juu ya pua, ile ile waliyokuwa wakivaa mabibi wa Kimanga Unguja, na neno tumelitoa kwa hawa hawa.

Anafuma chini mchangani, nyuzi kazivuta kwenye vigingi, sufu na singa za mbuzi, nyekundu, nyeusi, nyeupe, vidole vinahesabu bila yeye kutazama. Ni mkanda wa kumfungia ngamia na mashada yake. Hauendi kabatini huo, ngamia wake anaukimbilia mashindano.

Na mjukuu wake, miaka kama minane, kasimama pale kaweka mikono mdomoni kaita, sauti inapanda inashuka kama mashairi, ngamia waliokuwa mbali wakageuza shingo wote wakaanza kuja. Nywele zimenisimama. Hii wanaiita hidaa, UNESCO iliiandikisha 2022, Oman na Saudia na Emirati pamoja, ila yeye kafundishwa na babu yake, kila jioni, kwa ngamia wale wale.

Kahawa nimekunywa vikombe vitatu, nikatikisa kikombe, hapo ndo wanajua umetosheka.

Halafu nikamwonesha yule bibi mfumaji kwenye simu mkeka wa ukili wa bibi yangu. Kaikuza picha kwa vidole viwili, kaisogeza, kahesabu mistari, akauliza hii nyekundu anaipataje, mbona haijapauka? Mie sijui jamani, sijawahi kumuuliza! Kwa hiyo aliyepo Makunduchi anaeangalia hii, tafadhali mpelekee bibi simu anijibu, huyu mama anasubiri.